Umeme umerudi, mfumo bado

Umeme umekatika saa nne asubuhi, ukarudi saa nne na nusu. Feni zinazunguka, taa zinawaka, foleni imefika mlangoni, na mhudumu hana jibu lingine: "Mfumo haujarudi." Saa sita inapita. Mteja anajiuliza, na ana haki, ni kompyuta gani hii inayochukua zaidi ya saa moja kuwaka wakati simu yake ikizimwa huwaka kwa dakika moja tu.

Kompyuta iliyo mbele ya mhudumu haina kosa. Mfumo wenyewe unaishi chumba cha nyuma, kile chenye kiyoyozi kinachonguruma usiku na mchana, ndani ya raki yenye tuseme seva tatu za chuma, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine. Ndani ya hizo tatu zimo seva nyingine arobaini ambazo hazina chuma. Anayezitunza ni msimamizi wa mifumo, ambaye ofisi nyingi humjua kama "yule kijana wa IT" na humkumbuka printa ikigoma. Ukitaka kuelewa kwa nini foleni haisogei, lazima uelewe zile arobaini zimeahidiwa nini, na nani ameziahidi.

Seva isiyokuwapo

Mashine pepe ni kompyuta inayoaminishwa kuwa ipo. Windows au Linux iliyomo ndani yake inaona prosesa, RAM, diski na kadi ya mtandao, na inadhani vyote ni vyake. Chini yake kuna programu iitwayo haipavaiza, ambayo inagawa chuma kimoja kwa wapangaji wengi na kuhakikisha mpangaji mmoja haoni cha mwenzake.

Wazo hili ni kongwe. Wahandisi wa IBM mjini Cambridge, Massachusetts, walilifanyia kazi katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1972 kampuni hiyo ikatangaza VM/370, mfumo uliompa kila mtumiaji kompyuta "yake" ndani ya mashine moja kubwa na ghali. Tatizo lilikuwa kwenye prosesa za x86, zile ambazo baadaye zilijaa maofisini dunia nzima. Hazikuumbwa kwa kazi hiyo.

Mbinu yenyewe inategemea ngazi za mamlaka ndani ya prosesa. Amri nzito, kama kuzuia vikatizi (ishara zinazoikatiza prosesa katikati ya kazi) au kubadili ramani ya kumbukumbu, zinaruhusiwa ngazi ya juu tu. Mfumo endeshi wa mpangaji huwekwa ngazi ya chini. Ukijaribu kutoa amri nzito, prosesa inakataa na kumwita mwenye mamlaka. Haipavaiza inaingia, inaigiza matokeo, inamrudishia mpangaji kana kwamba amri imepita. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika sharti la jambo hili kufanya kazi: kila amri nyeti lazima isababishe wito huo. Kwenye x86 zilikuwapo amri 17 ambazo hazikuusababisha. Mojawapo ni POPF: mpangaji akiitumia kubadili hali ya vikatizi bila mamlaka, prosesa inapuuza sehemu hiyo kimya kimya na kuendelea na kazi. Mpangaji anaamini amezuia vikatizi, kumbe hajazuia, na haipavaiza haina habari.

Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa California mwaka 1998, ililizunguka tatizo kwa kuzisoma amri za mpangaji kabla hazijatekelezwa na kuzibadili papo hapo zile zenye hila. Ilikuwa kazi ya kijanja mno, na kwa maoni yangu ni mojawapo ya kazi bora za uhandisi wa programu za miaka ile. Mwishoni mwa 2005 Intel wakaanza kuweka msaada ndani ya prosesa zenyewe, AMD wakafuata mwaka 2006, na Februari 2007 haipavaiza iitwayo KVM ikaingia kwenye kerneli, yaani kiini, ya Linux toleo 2.6.20. Kuanzia hapo mashine pepe haikuwa tena anasa ya makampuni makubwa.

Faida yake ya kwanza ni matumizi. Zamani kila mfumo ulinunuliwa seva yake: ya mishahara ilifanya kazi kweli mwisho wa mwezi, siku nyingine ilikula umeme bure. Ya pili ni uhamaji. Mashine pepe inaweza kuhamishwa kutoka seva moja ya chuma kwenda nyingine huku ikiendelea kuhudumia watu. Kumbukumbu yake hunakiliwa pole pole, kilichobadilika hunakiliwa tena, na mwisho kabisa husimamishwa kwa muda mfupi sana ili masalia yamalizike. Watafiti wa haipavaiza iitwayo Xen walionyesha mwaka 2005 kuwa hata seva ya mchezo wa Quake 3 ingeweza kuhamishwa kwa kusimama milisekunde 60 tu. Ndiyo maana siku hizi fundi anaweza kubadilisha feni ya seva saa tano asubuhi na hakuna anayejua.

Tangi moja, wapangaji wengi

Fikiria nyumba ya kupanga yenye tangi moja la maji juu ya paa. Mwenye nyumba amewaambia wapangaji wanane kwamba kila mmoja ana lita elfu moja, na tangi lina lita elfu tatu. Si mwongo kabisa, kwa sababu hawaogi wote kwa wakati mmoja. Haipavaiza ndiye mwenye nyumba huyo. Seva yenye kori 32, yaani vitengo vya kazi ndani ya prosesa, inaweza kuwa imeahidi kori 100. Hilo ni halali, na mara nyingi ni busara. Wengi hawajui tu kwamba kila rasilimali ikiisha huisha kwa namna yake.

Prosesa ikizidiwa, mambo hupungua kasi. Hapa ndipo fundi mchanga hupotea. Watu wanalalamika kuwa mfumo wa hesabu ni mzito; anaingia ndani ya mashine pepe, anakuta prosesa inatumika asilimia 35, anahitimisha kuwa prosesa si tatizo. Lakini kipimo kile kinasomwa na mpangaji, na mpangaji hajui ni mara ngapi amewekwa pembeni akisubiri zamu. Jibu liko upande wa chuma. Kwenye VMware kuna kipimo cha muda ambao mashine ilikuwa tayari kufanya kazi lakini haikupewa prosesa. Kwenye Linux iliyo juu ya KVM, amri ya "top" ina safu ya "st", yaani muda ulioporwa. Safu hiyo ikipanda, tatizo ni msongamano wa wapangaji na halimo ndani ya mashine yenyewe.

Kisha kuna kosa la kinyume: kuongeza kori. Mkuu wa idara anadai mashine yake ipewe 16 badala ya 4, kwa kuwa fedha zipo na mtoa programu ameandika hivyo kwenye waraka wake. Mashine yenye kori nyingi ni ngumu kuipangia zamu, maana kori zake zinatakiwa zisiachane sana katika kutembea, na zile zisizo na kazi bado zinahitaji kuhudumiwa. Matokeo yake mashine inaweza kuwa nzito zaidi ya ilivyokuwa, na kuwachelewesha majirani. Nikiulizwa, mara nyingi ushauri wangu ni kupunguza. Sijawahi kuona ushauri huo ukipokelewa kwa furaha.

RAM ni habari nyingine. Haipavaiza haiwezi kujua ni kurasa zipi za kumbukumbu mpangaji hazihitaji, ila mpangaji mwenyewe anajua. Kwa hiyo ndani ya mashine pepe huwekwa draiva ndogo iitwayo puto, ambayo Carl Waldspurger wa VMware aliieleza kwenye andiko la mwaka 2002. Haipavaiza ikibanwa, inaliambia puto livimbe. Puto linaomba kumbukumbu kwa mfumo endeshi wa mpangaji, nao unatoa kile usichokitumia sana, na haipavaiza inakichukua na kumpa mwingine. Kumbukumbu hiyo isipotosha, haipavaiza huanza kuhamishia kumbukumbu diskini ikiwa gizani, bila kujua kipi cha muhimu, na hapo kila kitu hutambaa. Hifadhidata usiiache kwenye kamari hii. Itengee RAM yake kamili.

Diski ndiyo inayonitisha kuliko zote. Mashine inaahidiwa GB 500 huku ikitumia 80, na kwenye hifadhi ya pamoja, yaani diski halisi zinazotumiwa na mashine zote, inachukua zile 80 tu. Mashine kumi za namna hiyo zimeahidiwa TB 5 juu ya hifadhi ya TB 2. Miezi inapita, faili za kumbukumbu za matukio zinanenepa, mtu anapakia video za mafunzo, na Ijumaa moja jioni hifadhi inajaa. Hapa hakuna kupungua kasi. Kila mashine inayojaribu kuandika inasimama palepale, zote kwa pamoja, hata ile ambayo haikufanya kosa lolote. Kufuta faili ndani ya mashine nako huenda kusisaidie, kwa sababu mpangaji akifuta anaandika tu kwenye daftari lake kuwa nafasi iko wazi. Kama hajawekewa utaratibu wa kuitaarifu hifadhi iliyo chini, nafasi hairudi. Ofisi yenye pesa ya tahadhari moja tu iiweke hapa: ujumbe wa simu hifadhi ikifika asilimia 80.

Nini kiwake kwanza

Sasa turudi kwenye umeme. Betri za UPS hazikuwekwa ili ofisi iendelee kuchapa kazi. Zimewekwa ili kutoa dakika chache za kungoja jenereta, au ikishindikana, za kuzima kwa adabu. Programu ya bure kama Network UPS Tools inaweza kuiarifu seva kwamba betri inaisha na kuanza kuzima mashine moja baada ya nyingine. Ofisi nyingi zina UPS lakini hazijaunganisha waya huo wa taarifa, kwa hiyo betri inaisha na kila kitu kinaanguka kama kilivyo.

Kuwasha kuna mpangilio wake: swichi za mtandao, kisha hifadhi, kisha seva za chuma, kisha huduma ya majina na utambulisho wa watumiaji, kisha hifadhidata, na programu zinazoonekana na wateja mwisho kabisa. Seva kubwa yenyewe hutumia dakika kadhaa kukagua RAM na vifaa vyake kabla haijaanza kupakia chochote. Hadi hapo ni suala la subira tu.

Ugumu ni mizunguko. Seva ya chuma inaitafuta hifadhi kwa jina. Jina linajulikana na DNS, ile huduma ya majina. DNS ni mashine pepe. Mashine hiyo imo ndani ya hifadhi inayotafutwa. Siku za kawaida mzunguko huu hauonekani, kwa sababu hakuna siku vyote huzimwa kwa pamoja. Unaonekana siku umeme unapokatika na betri zikaisha. Mzunguko wa saa ni mbaya zaidi. Mfumo wa utambulisho wa Kerberos, unaotumika kwenye mitandao ya Windows, kwa kawaida hauvumilii tofauti ya saa inayozidi dakika tano. Seva ya utambulisho, ikiwa mashine pepe, inaweza kuwa inachukua saa kwa seva ya chuma, na seva ya chuma nayo imepangiwa kuchukua saa kwa seva ya utambulisho. Betri ndogo ya kwenye bodi ikiwa imechoka, seva inaamka ikiamini ni miaka kadhaa nyuma, na wafanyakazi wote wanaambiwa hawawezi kuingia. Ujumbe wanaouona mara nyingi hautaji saa popote.

Nywila za dharura nazo ziko wapi? Kwenye programu ya kutunza nywila, ambayo ni mashine pepe. Maelekezo ya kuwasha yameandikwa kwenye tovuti ya ndani, na hiyo ni mashine pepe pia. Hata walio juu wamenaswa na jambo hili: tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilipotea kwenye intaneti kwa takriban saa sita baada ya amri ya matengenezo kukata uti wa mtandao wake wa ndani. DNS yake ikawa haifikiki, zana za ndani ambazo wahandisi wangetumia kurekebisha zikawa hazifanyi kazi, na ilibidi watu wapelekwe kwenye vituo vyenyewe, ambako ulinzi mkali uliwachelewesha kuzifikia seva. Dawa ya ofisi ndogo ni ya bei rahisi: anwani za IP na mpangilio wa kuwasha vichapwe kwenye karatasi iliyofungiwa kabatini, na DNS ya pili iwekwe kwenye mashine isiyotegemea hifadhi ya pamoja.

Linabaki suala la akidi, na hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Seva tatu zilizounganishwa kuwa klasta hupiga kura: ili mashine pepe ziwashwe, lazima angalau mbili zionane. Tuseme baada ya umeme kurudi imewaka moja. Ni nzima kabisa, hifadhi inaiona, lakini kwenye Proxmox, mfumo wa bure wa kuendesha mashine pepe, mipangilio ya klasta inakuwa ya kusomwa tu na haikubali kuwasha chochote. Meneja amesimama mlangoni. Ipo amri ya kuilazimisha ikubali kuwa kura moja inatosha, nayo ni fupi. Ila ile seva haijui kama wenzake wawili wamekufa au ni waya wa mtandao tu umekatika. Kama wako hai upande wa pili na wanaendesha mashine zile zile, sasa hifadhidata moja itaandikwa na mashine mbili kwa wakati mmoja kwenye diski moja, na baada ya dakika chache hakutakuwa na hifadhidata ya kuokoa. Kwa hiyo fundi mzoefu anaonekana mzembe: badala ya kuandika amri, anatoka na kwenda kuzitazama seva nyingine kwa macho, anachomoa waya zake za umeme, ndipo anarudi kwenye kibodi. Dakika hizo ishirini zinazomuudhi meneja ndizo zinazolinda data yake.

Snepshoti haikusaidii diski ikifa

Haipavaiza inatoa zana tamu sana iitwayo snepshoti. Bonyeza mara moja, hali ya mashine inagandishwa. Sasisho likiharibu kitu, unarudi nyuma. Kinachotendeka ni kwamba diski ya zamani inafungwa isiandikwe, na mabadiliko yote yanaenda kwenye faili jipya pembeni. Faili hilo linakua kila saa, na linategemea lile la zamani kwa kila kitu. Diski iliyobeba yote mawili ikifa, yamekufa yote mawili. VMware wenyewe hushauri snepshoti moja isikae zaidi ya saa 72, lakini si ajabu kukuta iliyosahaulika tangu mwaka juzi, imekuwa kubwa karibu kama mashine yenyewe.

Bakapu ni nakala iliyo mahali pengine, kwenye kifaa kingine, na iliyowahi kurejeshwa. Sharti la mwisho ndilo linaloachwa. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, akihangaika na tatizo la kunakili data, alifuta saraka ya hifadhidata kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Kati ya takriban GB 300 zilibaki kama 4.5. Bakapu za kila siku zilikuwa zikishindwa kwa sababu programu ya kuzichukua ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, na barua pepe za onyo zilikuwa zikikataliwa na mfumo wa barua, kwa hiyo hakuna aliyejua. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita kabla, kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Kampuni ilieleza yote hadharani, na kurejesha kulipokuwa kukiendelea ikayarusha moja kwa moja mtandaoni. Sijui makampuni mengi yenye ujasiri huo.

Miaka sita baadaye, Februari 2023, wahalifu walifunga kwa usimbaji maelfu ya seva zenye ESXi, haipavaiza ya VMware, katika nchi nyingi. Mashambulizi hayo yalihusishwa na kasoro iliyokuwa imetolewa kiraka tangu Februari 2021. Aliyeingia kwenye haipavaiza hana haja ya kuvunja mashine moja moja. Amewapata wapangaji wote kwa mpigo, na programu za kupambana na virusi zilizomo ndani ya mashine hazikuona chochote kwa sababu shambulio lilikuwa chini yao. Ukurasa wa usimamizi wa haipavaiza hauna sababu ya kuonekana kwenye intaneti. Na seva ya bakapu isitumie nywila zile zile za mtandao mzima, la sivyo anayechukua kimoja amechukua vyote.

Kuhama

Novemba 2023 Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware, na mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu. Sasa ni kulipia kwa kipindi, kwa hesabu ya kori, na kila prosesa ikihesabiwa kuwa na kori zisizopungua 16 hata kama zilizomo ni 8. Ofisi nyingi za kati zimeanza kutazama kwingine, hasa Proxmox VE, mfumo wa bure uliojengwa juu ya KVM na kampuni ya Vienna tangu 2008.

Kuhama kunawezekana, ila kuna mitego inayojirudia. Windows lazima iwekewe draiva za diski za upande mpya kabla ya kuhamishwa, la sivyo inaamka na skrini ya buluu. Snepshoti zote zifutwe kwanza. Kadi ya mtandao itakuwa mpya, na anwani ya IP iliyoandikwa kwa mkono itabaki imeshikwa na kadi ya zamani isiyoonekana. Mashine ya zamani izimwe tu bila kufutwa, na itolewe mtandao, ili mtu asiiwashe kwa bahati mbaya zikawa mbili zenye anwani moja.

Kuhama pia hufichua mashine zisizo na mwenyewe. Karibu kila klasta ina moja iitwayo "test2" ambayo hakuna anayekumbuka iliundwa kwa ajili gani. Usiifute. Ikate mtandao asubuhi ya siku ya kazi, uiache ikiwa imewashwa, na usubiri nani atapiga simu. Isiwe wiki ya mishahara. Na kimya cha wiki mbili kisikudanganye, maana kuna mifumo inayoamka mwisho wa mwezi tu, na ile ya kufunga hesabu huamka mara moja kwa mwaka.